Siku Moja Kisiwani Gozo: Ni Nini Kinachobaki Nyuma Yetu?



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Likizo za shule zinapokaribia, akina mama wengi huniuliza ikiwa matembezi ya kitalii yana faida yoyote kwa familia ya Kiislamu. Wako wanaoyaona kuwa ni israfu, na wako wasioyataka ila kwa ajili ya picha za kuwaonyesha majirani. Jawabu langu ni kuwa Qur'ani Tukufu, katika sura zaidi ya moja, imetuhimiza tutembee katika ardhi kisha tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Himizo hilo lina sehemu mbili, kutembea na kutazama. Ya kwanza tumeishika barabara. Ya pili tumeilegeza. Leo nitawasimulia siku moja ya matembezi, ili tuone kutazama kunakokusudiwa ni kupi.

Mwaka jana Mola alitujaalia, mimi, mama watoto na binti yetu mdogo, kumzuru kijana wetu anayesoma Malta. Malta ni nchi ya visiwa katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily na kaskazini ya Libya. Eneo lake lote ni kama kilomita mraba 316, na kisiwa chake cha pili kwa ukubwa, Gozo, hakizidi kilomita mraba 67 hivi. Kijana wetu alitulipia matembezi ya siku moja ya kukizunguka kisiwa hicho, pamoja na mwongozaji, mwanamke wa makamo aliyezaliwa huko huko.

Basi dogo lilitufuata saa mbili asubuhi, likatupeleka hadi bandari ya Ċirkewwa, mwisho wa kisiwa kikubwa. Hapo tulipanda feri. Msomaji wa Mombasa asidhani ni kama kuvuka Likoni. Ni mwendo wa dakika 25 hivi juu ya bahari ya samawati iliyokoza, na katikati ya njia unakipita kisiwa kidogo kiitwacho Comino. Wenyeji hukiita Kemmuna. Mwongozaji wetu alisema jina hilo limetokana na mmea uliokuwa ukiota hapo, nao ni bizari nyembamba, hii hii tunayotia katika pilau, ambayo Waarabu huiita kammun. Mama watoto alicheka, akasema kumbe hata huku tumekuja kukutana na mambo ya jikoni.

Tuliposhuka katika bandari ya Mġarr, tulikuta tuktuk zikitungojea. Naam, tuktuk, ila ni pana kuliko zetu na kila moja hubeba abiria sita. Tulikuwa wageni tisa, na mwongozaji akatuhesabu kwa lugha yake ili atugawe katika vyombo viwili. Alipofika katikati ya hesabu, binti yangu alinishika mkono. Tulisikia sote: "sitta, sebgħa, tmienja, disgħa." Binti akaniuliza kwa mnong'ono, "Baba, mbona anahesabu kama sisi?"

Swali hilo ndilo lililoigeuza siku yetu. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliitwaa Malta mwaka 870, na utawala wao ukaendelea hadi Wanormani walipoishambulia mwaka 1091 na kuishika kikamilifu mwaka 1127. Kufikia katikati ya karne ya 13 hapakubaki tena jamii ya Waislamu iliyo wazi. Waliohamishwa walihamishwa, na waliobadili dini walibadili. Watu wa Malta leo, kwa wingi wao, ni Wakatoliki imara. Lakini Kiarabu chao hakikuondoka. Kilichanganyika na Kitaliano cha Sicily, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini, na sasa ndicho Kimalta, lugha pekee ya jamii ya Kisemiti iliyo rasmi katika Umoja wa Ulaya.

Tulipokuwa tukipanda vilima kwa tuktuk, kati ya kuta za mawe na mashamba makavu, binti yangu alimwuliza yule mama neno baada ya neno. Dunia mwaitaje? Dinja. Bahari? Baħar. Roho? Ruħ. Mauti? Mewt. Kitabu? Ktieb. Siku ya Alhamisi ni il-Ħamis, na Ijumaa ni il-Ġimgħa. Ukiagana na mtu humwambia saħħa, yaani siha, afya. Chakula cha mchana kilipofika, palikuwa na mkate waliouita ħobż biż-żejt, mkate kwa mafuta ya zeituni, umejazwa nyanya na samaki wa jodari, na kando yake vipande vya ġbejna, ambayo ni jibini yetu kwa jina na kwa asili. Mwongozaji naye alishangaa kusikia kuwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wasio Waarabu wala Wamalta, wanayo maneno hayo hayo vinywani mwao.

Kisha alisema jambo lililoninyamazisha. Alisema Mwenyezi Mungu wao humwita Alla, na ule mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka, tunaouita Kwaresima, wao huuita Randan. Neno hilo limetokana na Ramadhani. Fikirini, ndugu zangu na mabinti zangu. Jina la mwezi wetu mtukufu limebaki katika kisiwa kile kwa karne nane, linatajwa kila mwaka na watu wanaofunga funga nyingine, kwa imani nyingine. Sina la kuwalaumu. Ni watu wa dini yao, na walitukirimu. Lakini nilijiambia kuwa neno laweza kuishi muda mrefu kuliko maana yake.

Baada ya chakula tulishuka tuktuk na kupanda kwa miguu hadi Cittadella, ngome iliyo juu ya mji mkuu wa Gozo. Mji huo Waingereza waliuita Victoria, na wenyeji wengi hadi leo huuita Rabat. Ndani ya ngome mna makumbusho madogo ya mambo ya kale, na humo mna jiwe moja la marumaru ambalo mwenye kwenda Gozo asiliache. Upande mmoja lina nakshi za Warumi. Upande wa pili limechongwa kwa hati ya Kikufi. Ni jiwe la kaburi la binti aitwaye Maymuna, babake akiitwa Hassan, aliyefariki mwezi 16 Shaabani mwaka 569 Hijria, sawa na mwaka 1174. Tazameni tarehe hiyo: ni karibu miaka 50 baada ya Wanormani kukishika kisiwa. Utawala ulikwisha kuondoka mikononi mwa Waislamu, lakini palikuwa bado na baba aliyemzika bintiye kwa desturi ya dini yake, akaliandika jina lake kwa hati nzuri, na kumkumbusha kila apitaye kuwa mauti hayamwachi mtu. Mama watoto alisimama mbele ya jiwe lile muda mrefu, na tukamwombea Maymuna dua.

Nilidhani hilo ndilo zito la siku. Kumbe mwongozaji alikuwa amebakiza jingine. Alitupeleka juu ya kuta za ngome, ambako kisiwa chote kinaonekana hadi baharini, akatueleza yaliyotokea Julai 1551. Manowari za Kituruki, chini ya Sinan Pasha na nahodha mashuhuri Turgut Reis, zilifika Gozo na kuizingira ngome hiyo. Ilipoanguka, watu wapatao 5,000, wanaume, wanawake na watoto, takriban wakazi wote wa kisiwa, walipakiwa marikebuni na kwenda utumwani. Hofu ilikaa vizazi na vizazi. Hadi mwaka 1637 sheria iliwataka watu wa Gozo walale ndani ya kuta zile kila usiku.

Alisimulia bila chuki, lakini alitutazama mimi na kofia yangu na wanangu na mabuibui yao, kama mtu anayeuliza bila kutamka. Katika hali kama hiyo nafsi hutafuta pa kukimbilia. Ningeweza kumwambia kuwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliotawala Malta wakati ule, nao waliwateka Waislamu baharini na kuwafanya watumwa, na kuwa utumwa huko haukufutwa hadi Napoleon alipoitwaa Malta mwaka 1798. Hayo ni kweli, na yeye mwenyewe aliyataja baadaye. Lakini dhulma ya mmoja haiisafishi dhulma ya mwingine. Dini yetu imetuamuru kusimama na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Nikamwambia, "Mama, yaliyofanywa hapa yalikuwa dhulma, na waliofanya walikuwa watu wa dini yangu. Kuwa walikuwa Waislamu hakuyafanyi kuwa halali." Akaitikia kwa kichwa, na tukaendelea na safari.

Usiku ule binti yangu aliniuliza kwa nini nilisema vile. Nilimkumbusha Frere Town, pale Kisauni, tunapopita kila tukielekea Nyali, na ile kengele iliyoupa mtaa jina la Kengeleni. Mahali pale palianzishwa katika miaka ya 1870 pawe makao ya walioachwa huru kutokana na biashara ya watumwa, biashara ambayo watu wa pwani yetu walikuwa na mkono ndani yake. Wako jirani zetu ambao babu zao waliletwa kwa minyororo. Kama tunataka watu wa Gozo watusikilize tunapomtaja Maymuna, sharti nasi tusikilize wanapoutaja mwaka 1551. Na tusikilize vilevile nyumbani kwetu.

Mchana ule tuktuk zilitushusha pwani ya kaskazini, Xwejni, penye vijito vya chumvi vilivyochongwa katika mwamba, mfano wa mashamba ya chumvi ya Gongoni lakini madogo, kila kimoja kama sinia kubwa. Hapo ndipo tuliposali. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa akina mama wengi huhofia Sala watakapokuwa katika matembezi ya namna hii. Tangu asubuhi nilikuwa nimemweleza mwongozaji kuwa tutahitaji robo saa na mahali patulivu, naye akalipanga katika safari yake bila kinyongo. Tulikuwa na chupa ya maji ya kutawadhia na msala mwepesi. Msafiri wa mbali asiyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anayo ruhusa katika madhehebu yetu ya Shafii kupunguza Adhuhuri na Alasiri kuwa rakaa mbili mbili na kuzikusanya. Sisi tulikuwa wageni wa siku 3 tu. Kibla nacho msikichukulie kwa mazoea. Mombasa twaelekea kaskazini. Malta Makka iko mashariki, kwa kupindia kusini.

Safari ya kurudi tulipanda mashua ndogo ya mtambo, ikatupitisha chini ya majabali na mapango ya Comino. Bandarini niliona mashua za wavuvi zilizopakwa rangi za manjano, nyekundu na buluu, na katika omo ya kila moja pamechorwa macho mawili. Aliyekulia Lamu atayakumbuka macho ya majahazi yetu. Sisi na wao tumekuwa mabaharia, na kila upande ulitaka chombo chake kione njia.

Ndugu wasomaji, nirudi katika swali la akina mama. Faida ya matembezi ni hii: tulikiona kisiwa ambacho watu wa dini yetu walikaa karne kadha wakaondoka, na tukaona walichokiacha. Waliacha maneno katika ndimi, jina la binti mmoja katika jiwe, na waliokuja baadaye wakaacha jeraha katika kumbukumbu. Nasi pia tutaondoka. Watoto wetu husema inshallah, alhamdulillah na Ramadhani kila siku. Je, tumewafundisha maana, au tumewarithisha sauti? Mama anayeketi na mwanawe baada ya Magharibi akamweleza neno moja tu la Sala yake, huyo analinda kitu ambacho ngome haikuweza kukilinda. Na baba anayemlipa kijakazi wake ujira wake kamili na kumwita kwa jina zuri, huyo anahakikisha kuwa hakuna mjukuu wa mtu atakayesimama juu ya ukuta siku moja akiisimulia nyumba yake kwa uchungu.

Basi msafiri mkipata uwezo, na msiopata uwezo zungukeni Fort Jesus, Gede na Takwa kwa macho hayo hayo. Waulizeni watoto mkirudi: hawa walituachia nini, na sisi tutaacha nini?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atuhifadhie vizazi vyetu katika dini na katika uadilifu, na atujaalie tukumbukwe kwa kheri. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.