Mali Bila Daftari

Dawa ya deni ni kulipa. Siku hizi, hata katika Butembo na Beni, twasikia sauti za raia, hasa vijana, wakidai kwamba wale walioichafua hewa ya dunia walipe gharama ya madhara yake. Je, dai hilo ni la haki? Na ikiwa ni la haki, yatupasa kufanya nini ili lisikilizwe?

Makaa ya mawe, mafuta na gesi yachomwapo hutoa hewa ya ukaa, nayo hukaa angani miaka mingi na kuzuia joto lisitoke duniani. Afrika nzima hutoa kama 4 kwa mia tu ya hewa hiyo kila mwaka. Hata hivyo mlima wa Ruwenzori, jirani yetu wa mashariki, umepoteza sehemu kubwa sana ya barafu yake tangu mwaka 1906, wapandaji wa kwanza walipofika kileleni. Basi, jirani akiwasha moto shambani mwake, nao ukateketeza ghala yako, huendi kwake kuomba sadaka. Waenda kudai haki.

Dai hili limekwisha piga hatua. Mnamo Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko kwa ajili ya nchi maskini zinazopata hasara. Mwaka uliofuata, huko Dubai, ziliahidiwa dola kama milioni 700. Lakini ahadi si malipo, na mfuko huo hujazwa kwa hiari.

Hatua nyingine ilianzishwa na wanafunzi. Mwaka 2019 vijana waliosoma sheria katika visiwa vya Pasifiki walianza kuzihimiza serikali zao zipeleke jambo hili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague. Serikali ya Vanuatu iliwasikiliza. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama ile ilitoa shauri lake: dola inayovunja wajibu wake juu ya hali ya hewa yaweza kudaiwa fidia, mradi ithibitishwe kwamba kosa lake ndilo lililoleta hasara ile.

Lishikeni sana neno hilo, mradi ithibitishwe, kwani ndipo wengi wanaposhindwa. Mkulima mmoja wa Huaraz, nchini Peru, aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE huko Ujerumani mwaka 2015, kwa kuwa barafu ya mlimani ilikuwa ikiyeyuka na kulijaza ziwa lililo juu ya mji wake. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Hamm ilikubali kwamba, kwa kanuni, mchafuzi mkubwa aweza kulipishwa. Lakini dai lake lilikataliwa, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba hatari ya nyumba yake ilikuwa ndogo mno.

Na sisi je? Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafunikwa na maji na matope, na watu zaidi ya 400 wakafa. Wataalamu wa nchi mbalimbali walichunguza kama mabadiliko ya hali ya hewa yaliizidisha mvua ile. Wasiweze kujibu, kwani vipimo vya mvua vya mahali pale havikutosha. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo twawashauri walimu, wanafunzi na wazazi waanze daftari. Chukueni chombo chenye mdomo na kitako vya upana mmoja, mkiweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi, saa ile ile, pimeni maji kwa rula, andikeni tarehe na milimita, kisha mwageni. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Mafuriko au ukame ukija, andikeni shamba gani, zao gani, magunia mangapi yaliyozoeleka na mangapi yaliyopatikana, pamoja na majina ya mashahidi wawili. Daftari la shule moja halitashinda kesi. Lakini madaftari ya shule nyingi, ya miaka mingi, yatakuwa msaada mkubwa kwa wataalamu na mawakili.

Tuandike kweli tupu. Ikiwa mlima umeporomoka kwa sababu sisi wenyewe tuliukata msitu wake, tusimsingizie mtu wa mbali. Dai moja la uongo huharibu kumi ya kweli.

Wengine watasema: "Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wanauawa na kukimbia makwao, nanyi mwapima mvua?" Uchungu huo twaujua. Lakini aliyekimbia akaacha shamba lake ndiye hasa asiye na ushahidi mkononi. Kwa hiyo kila ukurasa upigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Nyumba yaweza kuungua, na daftari likabaki.

Siku ya kulipana itakapofika, mdaiwa atauliza: "Hesabu yenu iko wapi?" Tusikutwe mikono mitupu.