Dawa za nyanya tumezibeba hadi Kware, jicho lake tumeliacha Pwani

Kwetu Pwani kware ni ndege. Huku Kajiado, Kware ni mtaa, na jina lake limetokana na machimbo ya mawe. Wapangaji wametoka kila pembe ya nchi, na watu wetu wamo: wa Kilifi, wa Kwale, wa Tana River, waliofuata kazi za viwanda vya EPZ Athi River, za mjengo na za kufulia watu nguo.

Julai ikiingia ndipo mtu wa Pwani hujua kwamba hapa si kwao. Eneo hili liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wa nyika hauna kizuizi. Watoto wakilala wanne kitanda kimoja, mmoja akipiga chafya Jumatatu, kufikia Alhamisi nyumba nzima yakohoa.

Jioni moja ya msimu huo nilisimama foleni kwenye kemisti ya mtaani. Mbele yangu alikuwa mama na mtoto wa miaka kama sita. "Nipe ya koo," akasema. Muuzaji hakuuliza kama mtoto ana homa, wala hakumwambia afungue mdomo. Akahesabu vidonge vya rangi mbili na vyeupe vichache, akavifunga kwenye karatasi, akapokea shilingi hamsini. Vilikuwa vya siku mbili. Tuliposemezana njiani, lafudhi ikamtambulisha: ni wa Malindi. "Nyumbani mamangu angemchemshia mchaichai," akaniambia. "Huku nitautoa wapi, na nani atakaa naye?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Dawa zenyewe sote twazikumbuka. Chai ya mchaichai na tangawizi iliyopondwa. Ndimu iliyokamuliwa kwenye asali. Maji ya chumvi ya kusukutua. Karafuu ya kutafuna polepole. Habasoda iliyofungwa kitambaani ikanuswa. Sufuria ya majani ya kivumbasi, na kanga juu ya kichwa mpaka jasho likutoke. Majirani zetu wa Kware nao wana yao: Wamaasai huiita osokonoi, Wakikuyu muthiga, na ni mti uleule mmoja, ambao gome lake kali hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya koo na kikohozi.

Je, zilikuwa zafaa? Mafua huletwa na virusi, na hakuna dawa inayoyaponya, iwe ya jikoni au ya kiwandani. Mwili huyamaliza wenyewe, mara nyingi kwa wiki moja hivi. Kinachotafutwa ni nafuu, na hapo nyanya hakubahatisha. Mwaka 2018 wakuu wa afya wa Uingereza waliwashauri wananchi waanze na asali kwa kikohozi cha kawaida kabla ya kufikiria antibiotiki. Mwaka 2020 watafiti wa Oxford walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona asali yatuliza kikohozi vyema kuliko matibabu mengi yaliyozoeleka.

Dawa za chupa nazo zina habari zake. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki nchini Gambia, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na kemikali yenye sumu. Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani, baada ya Nigeria kutangaza kwamba vipimo vyake vimeonyesha kemikali ya aina hiyo. Kwa hiyo anayemcheka mama mwenye kijiko cha asali aangalie kwanza amebeba chupa gani mkononi.

Lakini tusijidanganye pia. Asali haipewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata tone, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vinavyomletea mtoto mchanga ugonjwa wa kupooza. Sufuria ya kujifukiza katika chumba kimoja chenye watoto wanaokimbizana ni ajali inayosubiri. Mvuke wa bafuni au kinywaji cha moto kiasi chatosha.

Tena liko jambo ambalo tukisimulia utoto wetu twapenda kuliruka: kukata kimeo. Mtoto akikohoa usiku mfululizo, alipelekwa kwa fundi, akashikwa mikono na miguu, kile kinyama kinachoning'inia kooni kikakatwa. Wako wanaofanya hivyo hadi leo. Kikohozi hakitoki kwenye kimeo. Kinachotoka pale ni damu, na wembe usio safi waweza kuacha pepopunda au virusi vya ukimwi. Hiyo ni dawa ya zamani isiyostahili kurithiwa.

Korona nayo ilitufunza mpaka wa tiba hizi. Mwaka 2020 bei ya ndimu na tangawizi ilipanda sokoni, na jirani yetu Tanzania Rais John Magufuli alihimiza watu wajifukize. Mvuke haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuupa kazi ya kuzuia ugonjwa ambayo hauiwezi.

Nyanya alijua mpaka huo, na hapa ndipo penye hoja yangu. Alikuwa na mchaichai, lakini pia alikuwa na muda na alikuwa na jicho. Alikuweka nyumbani siku tatu. Alikugusa paji la uso alfajiri na jioni. Alikwambia "Fungua mdomo nione," akageuza kichwa chako kwenye mwanga wa mlango. Akiona usaha, au homa haishuki, au mtoto hamezi hata mate, alivaa buibui na safari ikawa ya hospitali.

Jicho hilo lina thamani kubwa kuliko tangawizi. Makoo mengi yanayouma ni ya virusi, lakini kwa watoto wa umri wa kwenda shule sehemu fulani huletwa na bakteria, na bakteria hao wasipotibiwa waweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Ugonjwa huo wa moyo hukingwa kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikitolewa kwa kipimo kamili. Vidonge vya siku mbili havimkingi mtoto huyo. Kwa mwenye virusi havifanyi lolote, ila kuwazoesha dawa bakteria wengine mwilini. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Sasa, yule mama wa Malindi afanyeje? Hana nyanya hapa, na asipofika kazini hakuna ujira. Kumlaumu ni rahisi. Ni afadhali tuulize waliopewa kazi ya kuwa jicho wako wapi.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, na tumeahidiwa kwamba aliyejisajili atatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Ahadi hizi zikitimia Kware, koo la mtoto litaangaliwa kabla ya kuuziwa vidonge. Zisipotimia, karatasi ya shilingi hamsini itaendelea kushinda, kwa sababu kemisti hufunguliwa mama atokapo kazini, na zahanati nyingi hufungwa kabla hajafika.

Kaunti ya Kajiado ingeanza na mambo mawili yasiyohitaji jengo jipya: zahanati kufunguliwa jioni katika miezi ya baridi, na wahamasishaji kupita nyumba kwa nyumba Juni hadi Agosti, wakitaja wazi asali ni ya nani, kimeo kina hatari gani, na dalili zipi hazingoji kesho: kupumua kwa shida, kushindwa kumeza, homa isiyoshuka.

Nasi wa Pwani tulio huku tuna letu. Mchaichai huota hata kwenye ndoo iliyotobolewa. Na jirani anayeenda kazini usiku anaweza kumwangalia mchana mtoto wa jirani anayeenda kazini asubuhi, amguse paji la uso, amwambie afungue mdomo.