Maneno ya Kiarabu, Mkono wa Kichina



Ndugu wasomaji, China ikitajwa kwenye mawaidha, wengi wetu hukumbuka ule msemo wa kuitafuta elimu hata ikiwa huko, ingawa wanazuoni wa hadithi wameudhoofisha. Leo tuuache msemo, tumtazame mtu: Haji Noor Deen Mi Guangjiang, mwandishi wa khati na Muislamu wa China.

Alizaliwa mwaka 1963 katika jimbo la Shandong. Alikuwa bado mtoto mdogo yalipoanza Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976, misikiti ikafungwa na vitabu vya dini vikaharibiwa. Aliyekulia katika miaka hiyo, mwaka 1997 alitunukiwa nchini Misri cheti cha khati ya Kiarabu, Mchina wa kwanza kukipata. Amefundisha khati katika chuo cha Kiislamu cha Zhengzhou, na kazi zake zimo hata katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Khati yake huitwa Sini, yaani ya Kichina. Hakuibuni yeye, bali ameirithi kwa Waislamu wa huko walioiandika kwa karne nyingi. Mwarabu huchonga kalamu ya tete. Mchina huandika kwa brashi, na karatasi yake laini huunyonya wino papo hapo. Mkono ukisita, doa linabaki. Kwa hiyo anayejifunza hurudia herufi moja siku baada ya siku mpaka mkono utulie. Haji Noor Deen huandika maneno ya Kiarabu kutoka juu kwenda chini kama yanavyotundikwa maandishi ya Kichina, na pembeni hupiga muhuri mwekundu kama walivyofanya mababu zake. Hata jina lake ni mawili: la Kiislamu na la ukoo. Hakulitupa lolote.

Hapo ndipo tulipotaka kufika, wazazi wenzetu. Katika madrasa zetu tumewahi kusikia mtoto wa familia iliyosilimu karibuni akichekwa kwa matamshi yake au kwa jina la babu yake. Tumesikia pia watu wazima wakimwambia mama aliyesilimu kwamba nyimbo za kubembelezea watoto na vikapu vya kwao ni mambo ya kikafiri, bila hata kuuliza vina nini ndani yake. Tukiri kwamba nasi tumewahi kunyamaza. Mtoto huyo anajifunza nini? Kwamba ili awe Muislamu lazima kwanza awaonee haya waliomzaa. Wengine wakikua huondoka kimya kimya, nasi tunabaki kujiuliza kwa nini.

Atauliza mtu: je, huku si kuchanganya dini na mila? Suali ni zuri. Tutazame alichobadilisha Haji huyu na alichokiacha. Neno la Kiarabu limebaki lile lile. Mkono unaoliandika ndio wa Kichina. Kipimo ni hicho hicho kwetu: mila inayogongana na tauhidi tuiache, isiyogongana ina nafasi yake msikitini na nyumbani. Msikiti Mkuu wa Xi'an una mnara wenye paa za Kichina, na watu wanaelekea kibla kama sisi. Wazee wa pwani yetu nao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakaongeza nukta kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Nani atasema Uislamu wao ulipungua?

Tusidhani urithi huu hujilinda wenyewe. Mwaka 2019 maduka ya vyakula halali jijini Beijing yaliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu kwenye mabango yao. Wenzetu wanashikilia herufi katika hali ngumu, na sisi tulio huru tunawaachia watoto simu tu.

Basi wiki hii, mzazi, mpe mwanao kalamu na karatasi aandike bismillahi kwa utulivu, mara kumi kisha mara ishirini. Kama nyumbani yupo bibi anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mkalishe mtoto kando yake kabla hajatutoka. Na yule mtoto anayechekwa madrasani, mwiteni kwa majina yake yote mawili.

Wabillahi tawfiq.