Mche wa Chai na Mama Yake

Ndugu mkulima, je, umepata kumwuliza mtu anayekuuzia miche ya chai, ni mti gani ulioizaa miche hiyo? Wengi wetu hatuulizi. Twatazama majani, twaona ni mabichi, twalipa, twapakia na kwenda zetu.

Mimi si Bwana Shamba. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini karani husikia mengi mezani pake. Mkulima mmoja wa skimu aliuza ndama wawili akanunua miche 2,000 kwa mtu aliyekuja na gari. Aliambiwa ni kloni. Baada ya miaka mitatu shamba lake lilikuwa kama darasa lililokusanywa kutoka shule kumi: huu mrefu, huu umedumaa, huu una jani pana, huu jani jembamba. Ilikuwa miche ya mbegu. Mwuzaji hajaonekana tena. Na chai si mahindi, kwamba utajirekebisha mvua zijazo. Mti wa chai waweza kukaa shambani miaka 50 na zaidi, basi kosa la asubuhi moja utalichuma mpaka uzee, na wanao baada yako.

Kwa hiyo nasema, na najua wako watakaonipinga, kwamba kila mwenye chai katika skimu yafaa ajaribu kuzalisha miche kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ni 50 tu nyuma ya nyumba.

Wengine husema hiyo ni kazi ya wataalamu wa Kericho. Sivyo. Mama yako alipokata mashina ya viazi vitamu akayapanda, alifanya kloni, ila hakuiita hivyo. Muhogo ni vivyo hivyo, na mgomba pia. Mbegu ina baba na mama, na watoto wa tumbo moja hawafanani. Kipande cha tawi hakina baba. Ni mti ule ule uliokizaa, kwa wema wake na kwa ubaya wake. Neno hilo la mwisho lishike sana. Ukikata kutoka mti mvivu utapata wavivu elfu.

Basi chagua mti unaojua jina lake na mazao yake. Uache ukue bila kuchumwa miezi sita hivi baada ya kupogolewa. Kata matawi asubuhi mapema, uyatie katika maji mara moja. Ncha laini itupe, na sehemu ya chini iliyokomaa kuwa ngumu itupe pia. Katikati ndiko kwenye kazi: kila kipande kiwe na jani moja na kijiti chake cha inchi moja na nusu hivi, umekata mshazari juu kidogo ya jicho. Jicho lisiguswe na kisu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba udongo mweusi wenye samadi ni mzuri kwa kila kitu. Si kwa kipande kisicho na mizizi. Sehemu ya juu ya mfuko itie udongo wa chini, ule mwekundu, mchachu, usio na majani yaliyooza. Katika udongo mnono kipande hufanya uvimbe mahali kilipokatwa na kukaa hivyo, au huoza. Kisha mwagia maji, pinda fito juu ya kitalu, funika kwa karatasi ya plastiki, zika kingo zake pande zote, na weka kivuli juu.

Halafu ondoka. Mimi sikuondoka. Mara ya kwanza nilipanda 400, na kila mgeni aliyefika nilimfunulia aone. Unyevu ukatoka, majani yakanyauka, na miche 300 ikafa. Mke wangu alisema ningefundisha vizuri zaidi kama ningefunga mdomo na kitalu pamoja. Funua kila baada ya majuma matatu tu, tazama, tia maji, funika tena. Mizizi huonekana baada ya miezi mitatu hivi. Baadaye izoeshe hewa kidogo kidogo, na kabla ya mwaka kwisha iko tayari kupandwa. Kwa nafasi ya futi 4 kwa futi 2 na nusu, ekari moja yataka miche 4,356. Fanya hesabu mwenyewe ni fedha kiasi gani zabaki mfukoni mwako.

(Kwa limau na pera iko njia nyingine: menya pete ya ganda kwenye tawi likiwa bado mtini, funga hapo kuvumwani yenye unyevu ndani ya plastiki, ungoje mizizi, ndipo ukate. Watoto hupenda sana kuitazama.)

Lakini usijaze shamba lote kloni moja. Katika Ireland mwaka 1845 watu walitegemea viazi vya aina moja, vyote ndugu pacha; ugonjwa uliingia, na watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Ukiwa na 6/8 kwa utamu wa chai yake, weka na 31/8 upande wa pili. Ile ya zambarau, 306, iliyotolewa mwaka 2011, usiipande kabla hujauliza kiwanda chako kama hupokea jani lake.

Mimi nimeanza tena na vipande 60, kutoka miti miwili ninayoijua. Kitalu kimefungwa. Ukifika nyumbani utapewa chai, lakini hutafunuliwa.