Ridhaa ya Mwali

Katika vijiji vya Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, pale reli ya TAZARA ipitapo kandokando ya pori ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, posa aghalabu huja baada ya mavuno, ufuta na mpunga vikisha kuuzwa. Washenga hukaribishwa jamvini, kishika uchumba hupokewa na wazee, na fedha ile haikawii: nyingine hulipa deni la dukani, nyingine hununua bati, hata binti apatapo kusikia habari ya ndoa yake, kumpa nafasi ya kukataa kumekwisha kuwa sawa na kuwadai wazee mali wasiyokuwa nayo tena. Kwa rai yangu, ndoa ya kulazimishwa huanzia hapo, kabla ya fimbo wala matusi: mali hutumika mbele, swali huja nyuma.

Mjadala wetu wa hadhara umeshughulika zaidi na umri, na umestahili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hali mvulana alingojea 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka dhulma hiyo Mahakama Kuu, ambayo tarehe 8 Julai 2016 ilivihukumu vifungu vya 13 na 17 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Oktoba 2019, ingawa miaka ilipita bila ya Bunge kuvirekebisha. Lakini binti aliyetimu miaka 18 hakingiwi na umri wake peke yake, kwani naye huweza kuozwa kwa deni la baba, kwa hofu ya aibu ya mimba, au kwa tishio la kufukuzwa nyumbani. Kinga yake imo katika sheria ile ile, ambayo watu wachache huitaja: kifungu cha 16 kinashurutisha ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, kifungu cha 38 kinaibatilisha ndoa isiyokuwa na ridhaa hiyo, na kifungu cha 41 kinabainisha kwamba kutotimizwa kwa mila ya mahari hakuathiri uhalali wa ndoa. Basi hata aliyekwisha kuozwa kwa nguvu anao mlango wa mahakama, wala mahari si pingu.

Tatizo ni namna ridhaa inavyotafutwa. Mwali aliyekaa ndani akafundishwa na kungwi kuinamisha macho na kutojibizana na wakubwa, akiulizwa mbele ya wakubwa wale wale, atanyamaza. Nao watasema amekubali. Wako watakaoshika hadithi isemayo kuwa idhini ya bikira ni kunyamaza kwake, na najua kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea kwetu, walimpa baba mamlaka ya kumwoza bintiye bikira. Walakini hata wao waliweka masharti, mathalan mume awe wa kufu yake na pasiwe na uadui baina ya baba na mwana. Na Khansa binti Khidam, aliyeozwa na babake hali hataki, alikwenda kushtaki kwa Mtume, naye akaivunja ndoa ile. Kunyamaza kuliruhusiwa kwa ajili ya kumsitiri mwenye haya aliyekwisha kuulizwa. Asiyeulizwa hana la kujibu.

Waluguru na Wakutu, wenyeji wa huku, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika ndoa ya mpwa wake. Mjomba huyo huyo anayeweza kumlazimisha ndiye aula kuwa mtetezi wa kwanza, kwani neno lake huweza kuizuia shughuli kabla shauri halijafika kwa serikali.

Akishindwa au akikataa, binti au jirani aende kwa afisa mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto anaweza kupiga simu 116 bila malipo, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017. Wanaopokea malalamiko hayo nawasihi kwa taadhima wasimwulize binti mbele ya jamaa zake, wala wasimrudishe usiku ule ule kwa jina la usuluhishi. Watambue pia kwamba adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, ijapokuwa ni ya haki, humtia binti hofu ya kuwafunga watu wa nyumbani kwake, naye huificha siri. Kwa hiyo aelezwe tangu mwanzo kuwa aweza kupata hifadhi.

Nami natoa shauri moja kwa wazee, maimamu na mapadri wa vijiji hivi: kishika uchumba kisitumike. Kiwekwe amana kwa mtu asiyekuwa wa nyumba ile, mbele ya mashahidi, hata binti aulizwe faraghani na mwanamke anayemwamini, apewe siku za kufikiri, na jibu lake lirudi; likiwa ni la kukataa, fedha iwe ipo, irudishwe kwa washenga.