Luano: Heshima ya agronomu ipimwe kwa shamba

Siku ya kolasio ikifika Lubumbashi, barabara ya Kasapa inabadilika. Familia zinavaa kitambaa cha namna moja, magari yanapiga honi, wamama wanapiga vigelegele na kuwamwagia vijana poda nyeupe kichwani. Ni furaha ya haki. Mzazi aliyelipa minerval miaka mitano kwa kuuza makala au samaki wa kukausha ana haki ya kucheza barabarani.

Ndani ya kundi hilo wamo vijana wa fakilte ya agronomia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, pamoja na wengine waliosomea kilimo katika taasisi za juu za jimbo. Wakaaji wa Luano, na familia za wahami zilizopokelewa pembeni ya mji, wanapaswa kujiuliza swali moja juu yao. Si swali la siku ya kolasio bali la miaka kumi baadaye. Chuo kinapotaka kuwaita mbele ya watu wanafunzi wake wa zamani waliofanikiwa, kitamwita nani?

Kwa kawaida jibu linakuja haraka. Anaitwa mwenye cheo katika wizara, mwenye ofisi katika kampuni ya madini, mwenye gari kubwa. Anapewa cheti na kiti cha mbele. Hakuna ubaya kumpongeza mtu kwa kazi yake. Lakini diploma ya agronomia si diploma ya kila kitu. Daktari anapimwa kwa wagonjwa waliopona, na mwashi kwa nyumba inayosimama. Agronomu naye apimwe kwa mkulima anayevuna zaidi kwa sababu yake. Kama mkulima huyo hayuko, basi sherehe inapongeza pesa, haipongezi agronomia.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa heshima iliyopewa mahali pake. Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Ethiopia, ndani ya nyumba ya udongo na majani. Mama yake alishikilia kwamba mtoto asome. Masomo yalikuwa umbali wa kilomita 20, na mtoto alikuwa anakwenda kwa miguu Jumapili jioni na kurudi nyumbani Ijumaa. Kutoka hapo aliingia shule ya kilimo ya Jimma, kisha chuo cha kilimo cha Alemaya, ambako alimaliza mwaka 1973. Baadaye alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue, na kupata udaktari mwaka 1978.

Angeweza kukaa huko na kuandika vitabu tu. Badala yake alikwenda kufanya kazi Sudan, katika joto na ukame, kutafuta mtama unaovumilia jua kali. Mwaka 1983 mbegu yake iliyoitwa Hageen Dura-1 ilitolewa kwa wakulima wa Sudan. Kisha alipambana na adui mwingine, magugu yanayoitwa striga. Ni mmea wenye ua zuri unaojibandika kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kunyonya chakula chake kabla mkulima hajaona kitu juu ya udongo. Gebisa na wenzake walitafuta aina za mtama ambazo striga haiziwezi. Mwaka 1994, tani 8 za mbegu hiyo ziligawanywa katika inchi 12 za Afrika, zikiwemo Rwanda na Tanzania.

Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na mwaka 2023 Marekani ilimpa medali yake ya taifa ya sayansi. Kinachofaa kutazamwa ni mpangilio wa mambo. Kwanza ilikuja mbegu, kisha shamba la mkulima, na medali ikaja mwishoni. Kati ya mbegu ya 1983 na tuzo ya 2009 ilipita miaka 26. Heshima ilifuata kazi. Haikuitangulia.

Uganda nayo ina mtu wake. Robert Mwanga, aliyesoma Makerere, alitumia miaka mingi kuzalisha viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A inayolinda macho na afya ya watoto wadogo. Mwaka 2016 alipata tuzo hiyo hiyo pamoja na wenzake watatu. Hakuvumbua mashine. Alichukua chakula ambacho mama wa kijijini alikuwa tayari anapanda, akakifanya kiwe bora zaidi kwa mtoto.

Sasa ni zamu ya Katanga. Kila mtu wa Lubumbashi anajua kwamba bukari ya mji huu inategemea sana Zambia. Unga unapita Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa. Zambia ikikohoa, Lubumbashi inaugua. Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti mwaka huo huo mpaka ulifungwa siku chache kwa ugomvi wa vinywaji. Katika vipindi kama hivyo mama anayepima unga kwa meka sokoni hahitaji mtu wa kumweleza siasa ya mipaka. Anaiona kwenye bei.

Na hii ni inchi yenye udongo, mvua na mito. Shida inajulikana. Udongo mwekundu wa Katanga una asidi na umechoka, na bila samadi au mbolea mahindi yanabaki mafupi na manjano. Kwa wastani, mkulima mdogo wa Congo anavuna chini ya tani moja ya mahindi kwa hekta. Mbegu nzuri inakosekana au inafika mvua ikiwa tayari imeanza. Tangu miaka ya 2016 na 2017, kiwavi jeshi kimeingia mashambani na kinakula moyo wa mhindi usiku. Matatizo haya yote yanafundishwa darasani. Wanaoyafahamu wapo hapa hapa, katika mashamba ya majaribio ya UNILU na kituo cha INERA cha Kipopo. Kinachokosekana ni njia kati ya daftari na jembe.

Kuna waliokwisha kuanza kuitengeneza njia hiyo. Katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha shaba ulianguka miaka mingi tangu kiwanda kianze mwaka 1911, kuna ardhi ambayo haioti kitu kwa sababu ya sumu ya madini. Watafiti wa fakilte ya agronomia ya UNILU, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, walijaribu huko nyasi ndogo ya kienyeji inayoitwa Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mbolea ya asili, ili kufunika udongo huo na kuzuia vumbi lenye shaba lisisambae. Kazi hiyo haina mwangaza wa kamera. Lakini mtoto anayecheza karibu na ardhi hiyo anavuta hewa ile ile. Watu wa namna hiyo ndio wangetafutwa chuo kinapoandika orodha ya wa kuheshimiwa.

Kinyume chake pia kimeonekana. Mradi wa Bukanga-Lonzo, upande wa magharibi ya inchi, ulifunguliwa mwaka 2014 kwa shangwe kubwa, na hekta 80 000 zikatajwa. Mwaka 2017 ulikuwa umesimama. Makofi yalitangulia mavuno, na mavuno hayakuja.

Familia za wahami zina nafasi gani katika habari hii? Wapo waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono miaka ya bunduki za Mai-Mai. Wapo waliofika kwa treni kutoka Kasai. Wapo waliokimbia Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa 2025. Mara nyingi wanasemwa kama midomo ya kulishwa. Ukweli ni kwamba wengi wao ni wakulima kuliko mtu yeyote mjini. Mama aliyelima maharagwe katika milima ya Kivu anajua mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajayasikia. Asichokijua ni udongo wa huku, mvua ya huku inayoanza kuelekea Novemba na kukatika Aprili, na wadudu wa huku. Hapo ndipo agronomu anahitajika.

Mhami hana muda wa kungoja muhogo ukae ardhini mwaka mzima, wala hana uhakika kwamba mwenye shamba hatamfukuza kabla ya kuvuna. Anahitaji lengalenga inayokatwa baada ya wiki chache, maharagwe ya miezi mitatu, viazi vitamu vya miezi minne au mitano. Anahitaji kuambiwa kwamba mbegu ya mahindi ya hibridi ikipandwa tena msimu wa pili inapoteza nguvu, asije akatunza gunia zima kwa matumaini ya bure. Anahitaji kujua wapi pembeni ya mji asipande mboga kwa sababu maji au udongo una madini. Mambo haya yanahitaji kijana mmoja mwenye diploma, buti na uvumilivu wa kurudi wiki inayofuata.

Kuna watakaosema kwamba maneno haya ni rahisi kuandika. Kijana amemaliza masomo, wadogo zake wanamtazama, nyumba ya kupanga inalipwa kila mwezi. Kampuni ya madini inampa mshahara hata kama kazi yake ni kuhesabu malori. Moniteri wa kilimo wa serikali, yeye, anaweza kukaa miezi bila pesa wala kinga ya kumfikisha kijijini. Makofi hayanunui unga.

Hoja hiyo ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Ndiyo maana heshima ya cheti na picha peke yake haitoshi. Chuo, jimbo na makampuni yanayochimba ardhi ya Katanga yakitaka kumheshimu agronomu, yampe vitu vya kazi: pikipiki na mafuta yake, gunia za mbegu zinazofika kabla ya mvua, ardhi ya majaribio karibu na watu, na mshahara unaotoka kwa tarehe. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai makampuni yachangie maendeleo ya wakaaji wanaoishi karibu nayo. Sehemu ya fedha hizo ikilipa maagronomu wa mashambani, kijana hatalazimika kuchagua kati ya elimu yake na tumbo lake.

Na siku ya kuwachagua wa kuheshimiwa, kamati isikae peke yake ofisini. Waalikwe wakulima wa Luano, viongozi wa mitaa na wawakilishi wa wahami, waulizwe maswali matatu tu. Nani alikuja shambani kwenu zaidi ya mara moja? Alibadilisha nini? Alipoondoka, mliweza kuendelea bila yeye? Jina likitoka katika midomo ya watu watatu wasio ndugu zake, hilo ndilo liandikwe kwenye cheti.

Redio za mji nazo zina sehemu yao. Majina ya mawaziri yanasomwa kila asubuhi. Jina la agronomu aliyeokoa mahindi ya mtaa mzima kutoka kwa kiwavi jeshi linastahili dakika mbili, pamoja na maelezo ya alivyofanya, ili aliye mbali asikilize na ajaribu kwake.

Mvua ya msimu ujao haitangoja kamati imalize vikao. Kabla ya Novemba kuna muda wa kutafuta mbegu, kugawa vipande vya ardhi na kuwapeleka vijana wachache waliomaliza karibu na familia zinazotaka kulima. Wakifanya kazi hiyo misimu mitatu na watu wakavuna, hakuna atakayehitaji kushawishiwa kuwapigia makofi.