Duara au Tufe? Umbo la Dunia na Deni la Wanakiswahili

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi, awe Lodwar au Mombasa, dunia ina umbo gani. Atajibu bila kusita kwamba dunia ni duara. Jibu hilo hutiwa alama ya vema, na mjadala hukomea hapo. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo lina kasoro mbili: ya kwanza ni ya lugha, ya pili ni ya ushahidi. Zote mbili zinatuhusu sisi wanakiswahili, na zote mbili zinamwachia mlango wazi yule anayedai kwamba dunia ni bapa.

Tuanze na lugha. Katika orodha ya maumbo tunayofundishwa tangu utotoni, duara ni umbo bapa linalochorwa kwa bikari juu ya karatasi. Sarafu ni duara. Ungo ni duara. Sinia ni duara. Chungwa na mpira ni tufe, neno ambalo kila aliyewahi kurusha tufe uwanjani analifahamu. Je, watetezi wa dunia bapa wa zama hizi huichoraje dunia? Huichora mithili ya sinia: Ncha ya Kaskazini katikati, na barafu ya kusini imelizunguka sinia hilo ukingoni kama ukuta. Naam, duara kamili! Mwanafunzi wetu aliyekariri kwamba dunia ni duara hajampinga mtu huyo hata kidogo, amekubaliana naye. Tofauti ya duara na tufe ndiyo hasa inayobishaniwa.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lina uzito gani huko Turkana, ambako watu wanahangaikia maji na malisho? Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka thelathini imewahifadhi watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi, Kongo na kwingineko. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Simu ya kijana wa hapo hupokea video zilezile zinazotazamwa Marekani na Uingereza, nchi ambako Samuel Shenton aliunda chama cha watetezi wa dunia bapa mwaka 1956. Mtu akishazoea kuamini kwamba wanasayansi wote wamekula njama kuhusu umbo la dunia, hatapata taabu kuamini vivyo hivyo kuhusu chanjo ya mtoto wake. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hata hivyo, tusimdharau mwenye dhana hiyo, kwa kuwa jicho lake linamuunga mkono. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120 kwa barabara, na nyanda zile kavu huonekana kama mkeka uliotandikwa. Lakini tufe lenye mzingo wa kilomita 40,000 lingeonekanaje kwa anayetembea juu yake? Kwa mstari ulionyooka, miji hiyo miwili imeachana kwa kiasi cha kilomita 105, ambazo hazifiki digrii moja kati ya digrii 360 za mzingo huo. Mlingoti uliosimama wima Lodwar na mwenzake wa Kakuma hupishana kwa pembe ndogo kama hiyo. Jicho haliwezi kuing'amua. Kivuli kinaweza.

Hii ndiyo kasoro ya pili: tunafundisha umbo la dunia kama amri ilhali ushahidi uko chini ya miguu yetu. Katika karne ya 3 K.K., Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alilinganisha vivuli vya miji miwili akakadiria mzingo wa dunia. Turkana inaweza kufanya vivyo hivyo. Lodwar iko digrii 3.1 hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi hupita juu yake mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Machi na 14 Septemba. Simamisha kijiti wima chenye urefu wa mita moja, kisha usubiri adhuhuri halisi, ambayo mwezi Machi hufika saa sita na dakika 40 hivi mchana. Kivuli kitatoweka. Kakuma, kwa adhuhuri yake, kijiti kama hicho kitakuwa na kivuli cha sentimita moja kuelekea kaskazini. Nairobi kitakuwa na kivuli cha sentimita 7.7 kuelekea kusini, yaani pembe ya digrii 4.4. Kutoka Lodwar hadi usawa wa Nairobi, kaskazini hadi kusini, ni takriban kilomita 490. Gawanya 360 kwa 4.4, uzidishe kwa 490. Utapata kilomita 40,000 na ziada kidogo.

Mpinzani makini atajibu kwamba vivuli hivyo vinaweza pia kutokea juu ya ardhi bapa, iwapo jua liko karibu. Hoja hiyo ni halali, na inastahili jibu. Kwa vipimo vya Lodwar na Nairobi, jua lake litakuwa juu kwa kilomita 6,300 hivi. Basi na tuongeze kijiti cha tatu Johannesburg, kilomita 3,250 hivi kusini mwa usawa wa Lodwar. Ardhi ingekuwa bapa, kivuli cha adhuhuri huko kingekuwa na sentimita 51. Kivuli halisi kina sentimita 56. Ili kulipata jua linaloafiki vijiti vyote vitatu, sharti ardhi yenyewe ipinde.

Mwezi nao umeshuhudia. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu katika anga la Afrika Mashariki. Kivuli cha dunia kiliufunika kikiwa na ukingo wa mviringo, kama ilivyo katika kila kupatwa kwa mwezi. Sinia hutoa kivuli cha mviringo likiielekea taa uso kwa uso. Likigeuzwa ubavu, kivuli huwa mstari. Umbo litoalo kivuli cha mviringo kutoka kila upande ni tufe pekee.

Na njama je? Karibu na Kalokol, si mbali na Lodwar, ziko nguzo za mawe za Namoratung'a. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea nyota fulani. Baadaye watafiti wengine walizipima upya na kulitilia shaka dai hilo, na hata umri wa nguzo zenyewe ukakadiriwa upya. Watu wanaosahihishana hadharani kuhusu mawe machache ya jangwani wangewezaje kufichiana siri kuhusu dunia nzima?

Kwa mintarafu hii, deni letu liko wazi. Nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huachiwa ngeli na methali. Lakini istilahi tunazo: utosi, pembe, mzingo, mhimili, upeo wa macho, tufe. Kilichokosekana ni sisi kuzitumia. Napendekeza kwamba wanachama wetu wanaokwenda mazoezi ya ufundishaji Turkana wachomeke vijiti pamoja na wanafunzi wao mwezi Machi na Septemba, wapigiane simu kutoka Lodwar, Kakuma na Nairobi, na matokeo yao yachapishwe kwa Kiswahili katika kurasa hizi. Vilevile, walimu wa Kiswahili tuache kutia vema jibu la duara.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Anayeuliza kama kweli dunia ni tufe hastahili kuchekwa. Anastahili kijiti, kipimo, na maelezo kwa lugha anayoielewa.